1922 (riwaya fupi)

1922 ni riwaya fupi ya kutisha iliyoandikwa na Stephen King, mwandishi wa Marekani. Ilichapishwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Novemba 2010, ikiwa ya kwanza kati ya hadithi nne ndefu zilizomo katika kitabu chake Full Dark, No Stars, jina ambalo kwa Kiswahili lingeweza kuwa "Giza tupu, hakuna nyota". Inasimulia habari za Wilfred James, mkulima wa jimbo la Nebraska, ambaye anamuua mke wake Arlette akisaidiwa na mtoto wao wa kiume mwenye umri wa miaka 14. Sababu ya mauaji ni ekari 100 za ardhi, karibu hekta 40, ambazo mke alitaka kuziuza na mume hakutaka ziuzwe.

Wengi waliosoma hadithi hii huikumbuka kwa panya wake, na ni kweli kwamba baadhi ya kurasa hazifai kusomwa wakati wa kula. Hata hivyo panya huja baadaye. Kinachoanza ni ugomvi wa shamba kati ya watu wawili waliooana, na kila jambo la kutisha linalofuata, hata lile la maiti inayotembea, hutoka katika ugomvi huo.

Mwandishi na kitabu

Stephen King alizaliwa mwaka 1947 mjini Portland, jimbo la Maine, na riwaya yake ya kwanza, Carrie, ilitoka mwaka 1974. Hadithi zake nyingi hutokea Maine. Safari hii anakwenda katikati ya nchi, katika mji wa kubuni uitwao Hemingford Home. Jina hilo si geni kwa wasomaji wake: ndiko anakoishi bibi kizee Mother Abagail katika riwaya The Stand ya mwaka 1978, na limetajwa pia katika hadithi nyingine fupi. Upo mji halisi uitwao Hemingford magharibi mwa Nebraska, lakini mji wa King ni wake mwenyewe na haufai kutafutwa kwenye ramani.

Katika maneno ya mwisho ya kitabu, King anaeleza kwamba wazo la hadithi lilimjia kutokana na kitabu kiitwacho Wisconsin Death Trip, kilichotolewa na Michael Lesy mwaka 1973. Kitabu hicho si hadithi ya kubuni. Kimekusanya picha za zamani na habari za magazeti kutoka Black River Falls, mji mdogo wa Wisconsin, za miaka ya mwisho ya karne ya 19: vifo vya watoto, watu waliopoteza akili, waliojiua, waliochoma mazizi ya majirani. King anasema kilichomgusa ni upweke wa mashambani na ukali wa nyuso za watu wale. Anayezijua picha hizo ataona zilikotoka sura za akina James.

Hadithi nyingine tatu za kitabu ni Big Driver, Fair Extension na A Good Marriage. Ya mwisho hufaa kusomwa pamoja na 1922, kwa kuwa ni kama upande wake wa pili: mke anagundua kwamba mume aliyeishi naye miaka mingi ni muuaji, na ni yeye anayelazimika kuamua la kufanya. Kitabu kizima kilipata Tuzo ya Bram Stoker ya mkusanyiko bora wa mwaka 2010.

Muhtasari

Wilfred James, ambaye wenzake humwita Wilf, anaandika akiwa katika chumba cha hoteli mjini Omaha tarehe 11 Aprili 1930. Tangu ukurasa wa kwanza anakiri kwamba alimuua mke wake mwezi Juni 1922 na kuutupa mwili katika kisima cha zamani. Kwa hiyo msomaji hasubiri kujua nani aliua. Anachosubiri kujua ni namna ilivyotokea na gharama yake.

Wilf alikuwa na shamba lake la ekari 80. Arlette aliachiwa ekari 100 kwa wosia wa baba yake, zilizopakana na shamba hilo. Kampuni ya Farrington, yenye biashara ya nyama, ilitaka kuzinunua ijenge machinjio ya nguruwe. Wilf alijua kwamba kijito kinachopita shambani kwake kingejaa damu na matumbo, na hewa ingenuka. Alitaka ekari hizo ziunganishwe na zake, na siku moja Henry arithi zote. Arlette hakuwahi kupenda maisha ya shamba. Alitaka fedha taslimu, ahamie mjini na kufungua duka la nguo. Mume alijitolea kuinunua ardhi hiyo kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, mke alikataa. Mke alipendekeza wauze yote, hata zile ekari 80, wagawane, mume alikataa. Yalipofika hapo, mke alitaja talaka na kumchukua mtoto.

Henry alikuwa amempenda Shannon Cotterie, binti wa jirani. Kuhamia mjini kungemtenga naye. Baba aliona mlango huo na kuupitia. Hakumwamuru mtoto, alimlainisha taratibu, wiki baada ya wiki, huku akijifanya anamtetea. Kisha akajifanya amekubali kuuza. Arlette akafurahi, akanywa mvinyo barazani hadi akalewa, na katika ulevi akamtania mwanawe maneno machafu kuhusu Shannon. Maneno hayo ndiyo yaliyomaliza kusita kwa kijana. Usiku huo Henry alimfunika mama yake gunia kichwani, na baba akamkata koo kwa kisu. Kifo hakikuwa cha haraka wala cha kimya kama Wilf alivyoahidi.

Mwili ulitupwa kisimani, na asubuhi Wilf alipochungulia aliwaona panya wameshaanza kazi yao. Ili apate sababu ya kufukia kisima bila kutiliwa shaka, aliacha ng'ombe mzee aitwaye Elphis atumbukie humo. Wakili wa kampuni alikuja kuuliza, kisha sherifu aitwaye Jones akapekua nyumba, lakini hakuna kilichopatikana. Kwa watu wa mji, habari ya mke aliyechoshwa na shamba akatoroka iliaminika kwa urahisi.

Baada ya hapo mambo yanaporomoka. Panya mmoja anapenya kutoka upande wa kisima hadi zizini na kumng'ata ng'ombe chuchu. Shannon anapata mimba, wazazi wake wanampeleka kwenye nyumba ya wasichana inayoendeshwa na Wakatoliki mjini Omaha, na Henry anatoroka nyumbani kumfuata. Vijana hao wawili wanageuka kuwa waporaji wa mabenki ambao magazeti yanawapa jina la majambazi wapendanao. Wilf anabaki peke yake na shamba lililowekwa rehani, majira ya baridi yanakuja, na panya anamng'ata mkono anapotafuta fedha za Arlette katika sanduku la kofia. Kidonda kinaoza. Katika homa hiyo Arlette anaingia nyumbani, panya wakimfuata kama watumishi, na kumnong'oneza sikioni mambo ambayo maiti tu ingeyajua, yakiwemo yatakayompata Henry.

Yote yanatimia. Shannon anapigwa risasi na kufa huko Nevada, akiwa bado na mimba; Henry anajiua kando yake, na mwili wake unapopatikana umeguguniwa na panya. Wilf anakatwa mkono wa kushoto. Maiti ya mwanamke asiyejulikana inapookotwa, sherifu anadhani ni Arlette, hivyo mauaji hayagunduliwi kamwe. Mwishowe Wilf anauza shamba kwa kampuni ile ile ya Farrington, kwa bei ya mtu aliyeshindwa. Anahamia Omaha, anafanya kazi katika kiwanda cha nguo, kisha maktaba, na kila anakokwenda panya wanamfuata. Anapomaliza kuandika ungamo lake, wapo chumbani.

Ardhi, bei na sheria

King hakuchagua mwaka 1922 kwa bahati tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mkulima wa Marekani alipata bei nzuri kuliko wakati wowote, kwa sababu Ulaya ilikuwa na njaa na serikali ilimhakikishia bei ya ngano. Watu walikopa wakanunua ardhi zaidi na mashine. Uhakika huo wa bei ulikoma mwaka 1920. Ngano iliyokuwa ikiuzwa zaidi ya dola 2 kwa busheli (kilo 27 hivi) ilishuka hadi karibu dola 1 mwaka 1921, na mahindi yakaanguka zaidi ya hapo. Madeni yalibaki pale pale. Kwa watu wa mijini miaka ya 1920 ilikuwa ya magari, redio na dansi. Kwa wakulima mdororo ulikuwa umeshaanza, miaka karibu kumi kabla ya anguko la soko la hisa la 1929. Benki nyingi ndogo za vijijini zilifungwa, na Nebraska ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumia.

Msomaji akijua hilo ataona kwamba Wilf alikuwa akipigania kitu ambacho kilikuwa kinapungua thamani mikononi mwake. Hakuwa maskini wakati hadithi inaanza. Ekari 80 zilikuwa zinamtosha. Alikuwa na ng'ombe, nyumba, gari dogo la mizigo. Sheria ya Makazi ya mwaka 1862, iliyowagawia wahamiaji ardhi ya nyanda hizo, ilihesabu ekari 160 kwa kila ombi, na kutokana nayo wazo la shamba la familia, linalopita kutoka baba hadi mwana, lilikuwa kama imani. Wilf aliposema ardhi aliongea kama mtu anayesema damu. Aliona 80 na 100 kuwa 180, na hakuweza tena kuona 80 kuwa 80.

Sheria ilikuwa upande wa Arlette. Ekari 100 zilikuwa zake kwa wosia. Kufikia wakati huo majimbo ya Marekani yalikuwa yamekwisha kutunga sheria zilizomruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake, na mwaka 1920 wanawake wa nchi nzima walipata haki ya kupiga kura. Wilf anaitaja sheria hiyo kwa uchungu. Kuna mahali ndani ya ungamo lake ambapo ni wazi kwamba kinachomuudhi si machinjio peke yake, bali kwamba mke anayo hati na yeye hana. Mgogoro wa namna hii, wa nani hasa mwenye shamba, yule aliyelirithi au yule anayelilima, hauhitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Tofauti ni kwamba hapa hakuna baraza la ukoo la kuamua. Kila mmoja anataja wakili wake, na nyumba ya jirani ya karibu iko mbali kiasi kwamba kelele za usiku hazifiki.

Kampuni ya Farrington ni ya kubuni, lakini biashara yake si ya kubuni. Omaha ilikuwa moja ya miji mikubwa ya nyama nchini Marekani. Mnada wake mkubwa wa mifugo ulianzishwa mwaka 1883, na maelfu ya watu waliajiriwa katika machinjio yake. Reli ilileta nguruwe na ng'ombe kutoka pande zote. Kwa hiyo hofu ya Wilf kuhusu kijito chake ilikuwa na msingi. Hili ni jambo la kukumbuka, maana mwandishi hakumfanya muuaji kuwa mjinga. Hoja yake kuhusu maji ilikuwa sahihi, na baadaye, machinjio yanapojengwa, kijito kinachafuka kama alivyosema. Hoja sahihi haikumzuia kuwa muuaji.

Arlette machoni pa aliyemuua

Yote tunayoyajua kuhusu Arlette tunayapata kwa mtu aliyemkata koo. Mwanafunzi anayejibu swali la wahusika asisahau hilo. Wilf anatuambia kwamba mkewe alikuwa na mdomo mchafu, mwenye tamaa, mlevi, asiyempenda mwanawe ipasavyo. Inawezekana. Lakini ukiondoa vivumishi vya msimulizi na kubakiza matendo, picha inabadilika. Mwanamke amerithi ardhi kutoka kwa baba yake. Amepata mnunuzi anayelipa vizuri, wakati ambapo bei za mazao zimeanguka. Anataka kuanzisha biashara mjini. Anampa mume nafasi ya kwenda naye, na mume akikataa anataka waachane kisheria. Kwa hesabu, yeye ndiye aliyesoma wakati vizuri kuliko wote katika nyumba ile. Kama wangeuza mwaka 1922, wangeondoka na fedha.

Kosa lake kubwa linaloonekana ni maneno ya ulevi kwa Henry barazani, na hapo pia hatuna shahidi mwingine. Inafaa kuuliza kwa nini Wilf anaisimulia jioni ile kwa kirefu hivyo, neno kwa neno, miaka minane baadaye, wakati mambo mengine anayapita haraka. Mtu anayetaka kusamehewa huchagua cha kukumbuka.

Wilf mwenyewe anakaribia kulitambua hili. Anasema kwamba ndani ya kila mtu yuko mtu mwingine, mgeni mwenye hila, na kwamba ni huyo aliyepanga mauaji. Baadhi ya wasomaji hulichukua hili kama ufunguo wa hadithi, kana kwamba Wilf alipagawa. Ni afadhali kulisoma kama utetezi. Mtu anayesema "si mimi, ni yule aliye ndani yangu" bado anaomba kupunguziwa. Kadiri ungamo linavyoendelea huyo mgeni anatajwa kwa nadra zaidi, na Wilf anabaki bila mtu wa kumsingizia.

Henry

Kama kuna mtu wa kumlilia katika hadithi hii ni Henry, na King anatumia kurasa nyingi kuonyesha anavyoharibika. Kabla ya mauaji ni kijana wa kawaida: anamsaidia baba kazi, anapenda masomo kiasi, anasali, anatembea na Shannon wakitoka shule. Baada ya hapo anakuwa mkali na mkimya. Anaitazama kila siku nyumba aliyoshiriki kuichafua, na hakuna mtu wa kumweleza isipokuwa yule yule aliyemwingiza.

Uovu mkubwa wa Wilf, na yeye mwenyewe analisema hili tangu mwanzo, si kumuua mke tu. Ni kumtumia mtoto. Alidai kwamba anafanya yote kwa ajili ya Henry, ili apate urithi, kisha akamfundisha njia ya kutatua matatizo: ukikwama, chukua kwa nguvu. Henry alilielewa somo. Alipokwama kwa ajili ya Shannon hakungoja wala hakuomba. Aliiba, akatishia, akaua. Ujambazi wa mabenki unaweza kuonekana kama sehemu iliyotiwa kwa ajili ya msisimko, na unawakumbusha wasomaji Bonnie na Clyde, ambao kwa kweli walikuja miaka kumi baadaye. Hata hivyo una kazi yake. Vijana hao wanaua na kufa mbali na shamba, katika majimbo ambayo Wilf hajawahi kuyaona, kwa sababu ya kitu kilichoanzia chumbani kwake.

Familia ya Cotterie nayo inavunjika. Harlan Cotterie, baba yake Shannon, alikuwa jirani mwema na mkulima aliyefanikiwa kuliko Wilf. Baada ya kifo cha binti, mkewe Sallie anamwacha. Wilf alipokwenda kumwomba Harlan anunue ardhi ile ili isiende kwa kampuni, alikataliwa mlangoni. Onyesho hilo ni fupi na halina panya hata mmoja, nalo ni miongoni mwa maonyesho mazito ya kitabu.

Panya, na swali la mzimu

Je, Arlette alirudi kweli? Swali hili huulizwa kila mara, na hadithi imejengwa ili lisijibike kirahisi. Upande mmoja, Wilf alikuwa na homa kali, mkono unaoza, peke yake ndani ya nyumba yenye baridi, akiwa na hatia moyoni. Mtu wa namna hiyo anaweza kuona chochote. Panya wa mashamba huingia ndani wakati wa baridi bila kutumwa na mtu. Upande wa pili, Arlette alimweleza habari za Henry kabla hazijatokea, nazo zikatokea. Lakini ni nani anayetuhakikishia kwamba alielezwa kabla? Ungamo limeandikwa mwaka 1930. Kila alichokisoma baadaye magazetini Wilf anaweza kuwa amekirudisha nyuma na kukitia kinywani mwa maiti.

Mwisho wa hadithi hauondoi mashaka hayo, unayaongeza. Baada ya maneno ya mwisho ya Wilf tunapewa habari fupi ya gazeti la Omaha: mfanyakazi wa maktaba amekutwa amekufa hotelini, alama za meno mwilini ni zake mwenyewe, na karatasi zimetafunwa vipande vipande. Wilf alikuwa amesema kwamba panya wamemzunguka. Gazeti halikuona panya. Na kama karatasi zilitafunwa, haya tuliyoyasoma yametoka wapi? King haelezi, na ni vizuri kwamba haelezi.

Panya wenyewe wanafanya kazi zaidi ya moja. Ni wanyama wa ghalani, adui wa kila mkulima, kwa hiyo hawahitaji kuletwa kutoka kuzimu. Wanakula kilichofichwa, na hivyo wanatoa siri nje. Wanapita chini ya ardhi ile ile iliyogombewa. Katika fasihi ya kutisha ya Marekani panya wana ukoo mrefu, na aliyesoma The Rats in the Walls ya H. P. Lovecraft, iliyochapishwa mwaka 1924, atausikia mwangwi wake. Uhusiano wa karibu zaidi ni na Edgar Allan Poe. Katika The Tell-Tale Heart ya mwaka 1843 muuaji pia anasimulia mwenyewe, anaficha mwili, anapokea maafisa nyumbani kwake, na anasikia kisichosikika na wengine. Poe alimaliza kwa kurasa chache. King anampa muuaji wake miaka minane.

Mtindo

Hadithi ina takriban kurasa 130, imesimuliwa kwa nafsi ya kwanza, bila sura zenye namba. Lugha ni ya mkulima aliyesoma vitabu: sentensi zilizonyooka, mafumbo ya shambani, na hapa na pale neno la kizamani. Ng'ombe wake amewapa majina ya miungu ya Kigiriki, jambo linaloonyesha kiburi chake kidogo cha usomaji na linalofanya kifo cha Elphis kisimani kuwa kichungu kuliko inavyotarajiwa. Ng'ombe huyo ndiye pekee asiye na kosa lolote katika kisima kile, na Wilf anaandika kuhusu mlio wake kwa huruma ambayo hakuionyesha kwa mkewe.

Kwa kuwa muuaji anajulikana tangu mwanzo, taharuki inatokana na mambo madogo: godoro lenye damu litapelekwa wapi, nguo zipi Arlette angechukua kama kweli angetoroka, sherifu atatazama upande gani. Udhaifu upo pia. Sehemu ya uporaji wa benki inakimbia, na Shannon, ambaye ana nafasi kubwa katika msiba huu, haongei vya kutosha tukamjua.

Filamu

Filamu ya jina hilo hilo iliongozwa na Zak Hilditch wa Australia, ambaye pia aliandika muswada wake, na ikatolewa na Netflix tarehe 20 Oktoba 2017. Thomas Jane anaigiza Wilf, Molly Parker ni Arlette, Dylan Schmid ni Henry na Neal McDonough ni Harlan Cotterie. Muziki ni wa Mike Patton. Filamu inafuata kitabu kwa karibu na haina haraka. Sauti ya Wilf akisoma ungamo lake inasikika juu ya picha za mahindi.

Tofauti kubwa iko kwa Arlette. Kitabuni hatumwoni ila kupitia maneno ya Wilf. Katika filamu yuko mbele yetu, na Parker anamwigiza kama mtu mwenye akili na mcheshi anayechoka. Mtazamaji anaweza kumpima mwenyewe, kabla ya gunia.